Kilimanjaro kwenye mto wa kochi: mstari mmoja, mita mia

Mabasi ya Desemba yanayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi hubeba watoto wengi. Kuanzia Same, mzazi aliyekaa dirishani huanza kuwaamsha: "Angalieni mbele, mlima utaonekana sasa hivi." Watoto wanaangalia, wanaona mawingu, wanarudi kulala. Safari ya zaidi ya kilomita 500 inaweza kuisha bila Kilimanjaro kuonekana hata mara moja, na wenyeji hawashangai.

Wanaokwenda Marangu huachana na barabara kuu pale Njia Panda ya Himo. Daladala ikianza kupanda, joto la tambarare linabaki nyuma na migomba inaanza kuziba kila upande. Kufika Marangu Mtoni, mtoto aliyezoea Dar anaulizia sweta lake. Nyumba zimejificha ndani ya vihamba: migomba juu, mibuni chini yake, miti mirefu ya kivuli, magimbi kando ya mifereji ya maji, na ng'ombe mmoja au wawili wanaokatiwa majani bandani.

Mlima wenyewe huonekana alfajiri. Saa kumi na mbili unakuwa umesimama wazi, karibu kuliko mtu alivyotarajia. Ikifika saa tatu au saa nne asubuhi mawingu huwa yameshapanda kutoka msituni na kuufunika. Jioni hufunguka tena siku nyingine, siku nyingine haufunguki. Mtoto wa likizo anayelala hadi saa nne anaweza kukaa wiki tatu chini ya mlima mrefu kuliko yote Afrika na kurudi mjini akiwa ameuona mara mbili.

Katika nyumba moja ya Marangu, bibi alipata njia ya kuwatoa wajukuu kitandani. Hakuwagombeza wala hakuwanyang'anya simu. Aliwaambia kwamba mwaka huu watafuma mto wa kochi wenye picha ya mlima, na kwamba mlima hauwezi kufumwa na mtu ambaye hajauangalia.

Waliokuja kutoka Dar walikuwa mtoto wake wa kiume, mkwe wake, na wajukuu wawili: msichana wa miaka 10 na mvulana wa miaka sita. Msichana alimwandikia binamu yake ujumbe kwamba wanafuma mto. Binamu akajibu akiuliza mto gani, wenye maji au wa kulalia.

Kufuma kwa kroshia si jambo geni katika nyumba za Tanzania. Sebule nyingi zimepambwa kwa vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa mkono, vyeupe au vya rangi ya maziwa, na kina mama wengi walijifunza kazi hiyo shuleni kwenye somo la sayansi kimu, au kwa shangazi, au kwa jirani aliyekubali kutazamwa vidole. Wengine hawakuwa na sindano ya dukani, wakatumia spoku ya baiskeli iliyochongwa ncha ikawa na ndoano. Lakini kitambaa cha kochi kwa kawaida hufumwa kwa rangi moja, maua na nyota zikitokea kwenye matundu. Mto wenye picha ni kazi tofauti. Unafumwa bila matundu, mstari juu ya mstari, na picha inatokana na kubadilisha rangi ya uzi mahali panapotakiwa.

Mstari mmoja, mita mia

Mtu anayefuma kwa uzi wa kawaida wa sweta, akitumia sindano ya kroshia ya milimita 4 na mshono mfupi, hupata takriban mishono 14 kwa upana wa sentimita 10, na mistari 16 kwa kwenda juu. Mto wa kochi wa sentimita 40 kwa 40 unahitaji basi mishono 56 kwa upana na mistari 64 kwenda juu. Mikono hutofautiana, ndiyo maana wafumaji hufuma kwanza kipande kidogo na kukipima kwa rula kabla ya kuanza kazi yenyewe. Anayekaza uzi sana achukue sindano nene kidogo.

Baba wa watoto ndiye aliyeona hesabu iliyokuwa imejificha hapo. Kutoka kimo cha mita 900, ambacho ni karibu na Moshi mjini, hadi Kilele cha Uhuru chenye mita 5,895, ni kama mita 5,000. Ukigawa mita 100 kwa kila mstari, mlima wote unaingia kwenye mistari 50. Inabaki mistari 14 ya anga. Jumla 64.

Daftari la hesabu lenye miraba likatolewa. Kila mraba ni mshono mmoja. Mvulana wa miaka sita, ambaye vidole vyake bado havijawa tayari kwa sindano, alipewa kazi ya kuhesabu miraba na kupaka rangi. Walimu wa kazi za mikono huona watoto wengi wakianza kushika kroshia vizuri kwenye miaka minane hivi. Kabla ya hapo uzi huwachosha na wao huuchosha uzi.

Mistari miwili ya kwanza, kutoka mita 900 hadi 1,100, ni rangi ya majani makavu ya mahindi. Huko ndiko kwenye mashamba ya chini, ambako Wachagga hulima mahindi na maharage, wakitofautisha kabisa neno shamba na neno kihamba. Mistari saba inayofuata ni kihamba chenyewe, kijani cha mgomba, kile chenye njano kidogo ndani yake. Mstari wa 10 ni lango la hifadhi la Marangu, lililopo mita 1,800 na ushee, na hapo rangi inabadilika ghafla kuwa kijani cheusi cha msitu. Msitu unakwenda mpaka mstari wa 19. Mvulana alidai mbega wawekwe, na mbega wapo kweli kwenye msitu huo, weusi wenye manyoya meupe marefu. Akaruhusiwa mbega mmoja: mishono miwili myeusi na mmoja mweupe. Kwa mbali anafanana na uchafu, lakini yeye anajua ni mbega.

Kuanzia mstari wa 20 hadi wa 31 ni nyanda za vichaka na nyasi ngumu, kutoka mita 2,800 hadi 4,000. Rangi yake ni ya kahawia iliyochanganyika na kijani kilichochakaa na zambarau kwa mbali. Huko huota ile mimea mikubwa ya ajabu ya senesio, yenye shina kama mti na kichwa kama kabichi, inayoacha majani yake makavu yaning'inie kuzunguka shina ili yalikinge na baridi kali ya usiku. Kwenye mto, senesio ni mishono mitatu ya kahawia iliyopangwa moja juu ya mwingine na mmoja wa kijani juu yake.

Mstari wa 32 hadi wa 41 ni jangwa la mawe, kijivu na kahawia. Kisha mistari tisa ya mwisho, kutoka mita 5,000 hadi kileleni.

Kuna jambo moja lililowafurahisha wote. Vituo vitatu vya kulala kwenye njia ya Marangu, yaani Mandara, Horombo na Kibo, vipo kwenye kimo cha takriban mita 2,700, 3,700 na 4,700. Kwenye mto vikaangukia mstari wa 19, wa 29 na wa 39, vimepishana mistari 10 kamili. Kila kituo kikapewa mshono mmoja wa njano, kama taa. Baba mdogo wa watoto, ambaye ni mtoto wa mwisho na kwa desturi ya Wachagga ndiye aliyebaki kwenye nyumba ya wazazi, ni mwongoza watalii. Alianza kazi akiwa mpagazi, wale ambao mtaani huitwa wagumu. Alitazama zile taa tatu kwenye daftari akasema kati ya ya kwanza na ya pili mtu bado anaimba, kati ya ya pili na ya tatu anakaa kimya.

Vilele vilileta shida ya aina yake. Kutoka Marangu na Moshi, Kibo yupo kushoto na Mawenzi kulia. Anayefuma mto huu akiwa Loitokitok au Amboseli, upande wa Kenya, atageuza: Mawenzi kushoto, Kibo kulia. Vyote ni sahihi, ni suala la mtu amesimama wapi. Lakini umbali kati ya vilele viwili ni takriban kilomita 11, na kama kipimo kilekile cha mita 100 kwa mstari kingetumika pia kwa upana, nafasi hiyo peke yake ingetaka karibu sentimita 70. Mto ni sentimita 40. Ndiyo kusema kila picha ya Kilimanjaro iliyowahi kutiwa kwenye mto, shati au bango imeuminya mlima kutoka pembeni ili uonekane umechongoka. Mlima halisi umekaa kama sufuria kubwa iliyofunikwa.

Kibo ni rahisi kufuma, ana bega pana la mviringo. Kila mstari unapunguzwa mshono mmoja wa mlima kila upande, ukiingiza mshono wa bluu wa anga. Mawenzi, mwenye mita 5,149, anafika mstari wa 43 tu, na umbo lake limevunjikavunjika. Bibi alikuwa na maelezo ya kuvunjika huko, yale ambayo wazee wa Kichagga wamewasimulia watoto tangu zamani. Mawenzi alizimikiwa na moto akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto. Akapewa. Akauzima, akarudi tena kuomba. Kibo, aliyekuwa akitwanga, alichoshwa na jirani asiyetunza moto, akachukua mchi akampiga nao. Basi Mawenzi anafumwa bila mpangilio: mstari huu punguza mitatu, unaofuata usipunguze, halafu ongeza mmoja. Msichana alisema hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo mtu akikosea haonekani.

Sweta la shule lawa msitu

Nyuzi mpya za akriliki zinapatikana kwenye maduka ya Moshi na masoko ya karibu. Upande mmoja wa mto huu hula gramu 120 hadi 150 kwa rangi zote pamoja. Hata hivyo, mama wa watoto hakutaka kununua donge zima la kila rangi kwa ajili ya mistari michache, na alikuwa sahihi. Rangi nyingi za mlima tayari zilikuwa kabatini.

Kijani cheusi cha msitu kilitoka kwenye sweta la shule la msichana, ambalo mikono yake ilikuwa imeshafika karibu na viwiko. Kufumua sweta kuna kanuni yake. Kwanza geuza nje ndani uangalie mshono wa ubavuni. Kama pande zake zimefumwa zikaishia zenyewe kisha zikaunganishwa kwa uzi, kata uzi wa kuunganishia na sweta litafumuka kwa uzi mrefu usiokatika. Kama limekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine ya kuziba pindo, liache, litatoa vipande vifupi vifupi vya kukasirisha. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunjakunja. Unazungushwa kwenye mgongo wa kiti, unafungwa sehemu mbili tatu usijivuruge, unaloweshwa kwenye maji, kisha unaning'inizwa ukauke. Ukikauka umenyooka. Kama ni mwembamba kuliko nyuzi nyingine, shika nyuzi mbili kwa pamoja.

Ufumaji wenyewe una hatua chache, na mtoto huzijua ndani ya siku mbili. Unaanza na cheni ya vitanzi 57, kimoja kikiwa cha kupandia. Kwa kila mshono mfupi unaingiza sindano, unavuta uzi, unakuwa na vitanzi viwili kwenye sindano, unavuta uzi tena upite kwenye vyote viwili. Mwisho wa mstari unafuma cheni moja, unageuza kazi, unarudi. Siri ya picha ipo kwenye kubadilisha rangi: usisubiri mshono uishe. Ule mvuto wa mwisho, wa kupitisha uzi kwenye vitanzi viwili, uvutwe kwa rangi mpya. Ukiumaliza kwa rangi ya zamani, mpaka wa rangi unakuwa na meno ya panya.

Juu kwenye vilele, mstari mmoja una anga, Kibo, anga, Mawenzi na anga tena. Kuburuta uzi wa bluu nyuma ya Kibo wote huifanya kazi ikakamae. Kila eneo lipewe kidonge chake kidogo cha uzi. Bibi alivizungusha kwenye vibanio vya nguo, kibanio kimoja kwa kila eneo, vikaning'inia nyuma ya kazi bila kujifungua.

Mishono 56 mara mistari 64 ni mishono 3,584. Msichana akigonga hesabu hiyo kwenye simu ya mama yake alitaka kuacha. Wakakubaliana mistari mitatu kwa siku, inayofumwa asubuhi barazani, mlima ukiwa wazi. Siku 22.

Ilikuwa asubuhi ya aina hiyo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umefunguka. Njoo na sindano yako."

Mvulana naye alitoka na shuka mgongoni. Wakawa wanashindana kuona nani atakuwa wa kwanza kuona jua likimgusa Mawenzi, maana yeye yupo mashariki, na mwanga hufika kwa vilele muda mrefu kabla haujafika kwenye migomba.

Weupe ni mistari mingapi?

Amani ilidumu mpaka mstari wa 41. Kuanzia hapo kila mtu alikuwa na mlima wake.

Bibi alitaka weupe. Alitaka mistari yote tisa ya juu iwe nyeupe, na pia michirizi mitatu au minne ishuke upande wa kusini wa Kibo, kwa sababu hivyo ndivyo alivyouona akiwa msichana, akienda kisimani na ndoo kichwani. Msichana alisema hapana. Wiki mbili nzima alikuwa ameukodolea macho, na alichokiona ni mwamba wa kijivu wenye vipande vyeupe hapa na pale. "Bibi, wewe ndiye uliyesema tufume tulichokiona."

Bibi hakujibu haraka. Kisha akasema, "Na mimi nimekiona."

Ubishi kuhusu weupe wa mlima huu ni wa zamani. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea pwani, aliona kitu cheupe juu ya mlima na kuandika kwamba ni theluji. Kiongozi wake aliuita weupe ule kwa neno moja tu la Kiswahili: baridi. Wataalamu wa jiografia waliokuwa wamekaa London walikataa. Theluji karibu na Ikweta, walisema, haiwezekani. Ilichukua zaidi ya miaka 10 na wapimaji wengine kufika mlimani kabla ubishi haujaisha. Barafu mojawapo ya upande wa kusini ikapewa jina la Rebmann.

Wakati huo hakuna aliyejua weupe huo ungekuja kupimwa kila mara kwa hofu ya kuisha. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2007 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Wanasayansi wanataja mambo zaidi ya moja: hali ya hewa ya mlimani kuwa kavu kuliko karne ya 19, theluji mpya kuwa chache mno kufidia inayopotea, na joto la dunia kupanda. Ripoti ya UNESCO ya 2022 ilisema barafu zilizobaki kwenye maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika, Kilimanjaro na Mlima Kenya zikiwemo, huenda zikatoweka ifikapo 2050. Mtoto aliye na miaka 10 sasa atakuwa mtu mzima, pengine mwenye watoto wake wa kuwapandisha basi la Desemba.

Wazazi walikaa kimya kwa muda. Baba alijua binti yake yupo sahihi kwa macho yake, na alijua pia mama yake hakuota ndoto. Wakamwita baba mdogo aamue, kwa kuwa ndiye anayefika juu. Naye akaleta ugumu mpya. Barafu na theluji si kitu kimoja, alisema. Barafu ni ile ya siku zote, kuta za kale ambazo mgeni akifika kileleni anaziona zimesimama mbali kidogo na njia. Theluji ni mgeni. Mvua za masika zikinyesha huku chini, juu inaanguka theluji, na asubuhi Kibo anaamka mweupe kabisa mpaka chini ya mabega, kama ambavyo bibi anataka. Inakaa siku chache, jua linaila. Mwezi wa nne mtu akifuma mto mweupe, hakuna wa kumkatalia.

"Kwa hiyo nani kasema kweli?" msichana aliuliza.

"Barafu ya Bibi ilikuwepo, mwanangu. Mimi mwenyewe naikuta imepungua."

Picha za kuchorwa zinazouzwa kwa watalii hazina tatizo hili. Zote huuvika mlima kofia nyeupe iliyoshuka hadi kiunoni, na mnunuzi haulizi ni mwaka gani. Wengi wanaofuma mito ya namna hii wanaweza kufanya hivyohivyo na mto ukapendeza. Uzi mweupe unang'aa sebuleni kuliko wa kijivu, hilo halina ubishi.

Mkwe ndiye aliyewakwamua. Kila mtu alikuwa anauzungumzia mto kana kwamba una upande mmoja, wakati mpango ulikuwa mgongo uwe wa kitenge. Kitenge kikaachwa. Bibi angefuma mlima wake upande mmoja, mjukuu angemalizia wake upande wa pili, na daftari lingekuwa lilelile mpaka mstari wa 41.

Bibi alifuma upande wake wote kwa siku sita, huku akipika mtori na kupokea wageni wa Krismasi. Michirizi yake ya barafu aliishusha kwa kuhesabu kichwani, bila miraba, na mmoja ulifika mstari wa 37. Msichana alitumia siku 25. Kwenye mistari yake tisa ya juu, weupe ni vipande vinne tu visivyogusana, na alikataa kuweka hata mshono mmoja ambao hakuuona mwenyewe akiwa barazani. Upande wa bibi ulikula zaidi ya nusu ya donge jeupe. Wa mjukuu ulitumia uzi unaoweza kuzungushwa kwenye vidole viwili.

Kuunganisha kulichukua jioni moja. Pande mbili zinawekwa mgongo kwa mgongo, picha zikiangalia nje, mishono ikilingana, kisha sindano inapita kwenye pande zote mbili kwa pamoja kuzunguka pembeni. Rangi ya pindo ilichaguliwa na bibi bila kujadiliana na mtu: kijani cha masale, majani ambayo Wachagga hupanda kuonyesha mpaka wa kihamba, na ambayo mtu huyapeleka kwa mwenzake anapotaka kuomba msamaha. Pembe tatu zikafungwa. Upande wa chini uliachwa wazi na kuwekewa vifungo vinne, ili mto wa ndani utoke wakati wa kufua.

Huo wa ndani ulijazwa sufi. Sufi ni nyepesi na laini, lakini hupenya kwenye kazi ya kufumwa na kuacha vinyweleo kwenye nguo za watu, kwa hiyo hutiwa kwanza kwenye mfuko wa kitambaa kilichoshonwa pande zote. Vipande vya sponji ya godoro navyo vinafaa, ingawa mto huwa na mabonde. Kufua ni kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, na kukausha ni kwa kulaza, kwa sababu ukiuanika kwenye kamba maji huuvuta chini na Kibo anarefuka.

Mto upo sebuleni Marangu, kwenye kochi linaloangalia mlango. Msichana alitaka kwenda nao Dar, bibi akasema mlima haubebwi, na hapo hakukuwa na wa kubisha. Katika siku mbili za mwisho za likizo, kila bibi alipopita na kikombe chake cha chai aliugeuza upande wenye michirizi uangalie juu. Msichana akitoka kuoga aliugeuza tena. Asubuhi ya kuondoka mvulana aliuweka umesimama wima, ukiegemea ukuta, na pindo la masale likiangalia mlango, akasema hivyo hakuna anayekosea, ila mbega wake haonekani.